Dude la Mama Sweta

Winfrida alikuwa na swichi mbele yake na hakutaka kuibonyeza. Mwanamke huyu hajawahi kuogopa kitu cha umeme. Hata pasi iliyochunika waya alikuwa akiichomeka huku akimwomba Mungu, na Mungu alikuwa akimsikia. Lakini asubuhi hiyo alisimama pale mezani kwake, kidole kiko hewani, anasikiliza sauti za ofisi upande wa pili wa ukuta. Printa ilikuwa inakoroma. Eunice, binti mchoraji, alikuwa anacheka na simu. Nashoni, mwenye ofisi, alikuwa anaongea na mteja kwa ile sauti yake laini anayowawekea wateja tu. Kila kitu kilikuwa kizima. Na Winfrida alijua kwamba akibonyeza swichi ile, baada ya muda mfupi mtu angepiga kelele kule mbele: "Mama Sweta! Umewasha dude lako tena?"

Ngoja nikueleze dude lenyewe, maana watu wamelisema vibaya mno mjini Tarime na halina wa kulitetea.

Ni kompyuta. Tena kompyuta halali kabisa, ila si ya ofisini na si ya siku hizi. Ilitengenezwa Ulaya zamani ili watu wakae nayo sebuleni, wacheze, wachore, watoto wajifunze. Mwili wake wote umo ndani ya kibodi, na badala ya skrini inachomekwa kwenye televisheni. Mgeni akiiona mara ya kwanza huuliza, "Sasa kompyuta yenyewe iko wapi?" Sista mmoja Mholanzi aliyekuwa akiishi Nyamwaga ndiye aliyekuja nayo, pamoja na mashine ya kufumia sweta. Vitu hivyo viwili vinafanya kazi kwa kushirikiana. Kompyuta inashika picha ya nembo ya shule, inaiambia mashine sindano zipi ziinuke, na Winfrida anasukuma mkono wa mashine kwenda na kurudi, mpaka nembo inatokeza kifuani mwa sweta, mstari kwa mstari. Mashine ile haisikii kompyuta nyingine yoyote. Wamejaribu. Ni kama mke wa mtu, haiitiki mwingine.

Sista alipozeeka na kurudi kwao, alimwachia Winfrida vyote viwili. Au niseme ukweli: mashine alimwachia Winfrida, kompyuta alimwachia Bhoke.

Bhoke alikuwa binti yake, kifungua mimba na wa pekee. Alikuwa mtoto wa kukaa na miguu juu ya kiti, mdomo hauishi maneno, mkono mmoja kwenye kibodi na mwingine kwenye ndizi ya kuchoma. Siku Sista alipoifungua kompyuta ile mara ya kwanza pale Nyamwaga, ikauliza yenyewe iitwe nani. Sista alikuwa jikoni anatafuta kiberiti. Bhoke hakusubiri mtu, akaandika jina lake. Sista alirudi, akaona, akacheka mpaka akashika mbavu, akasema basi, imeshabatizwa, sitaibatiza mara ya pili. Toka siku hiyo, kila inapowaka, juu kabisa ya televisheni, kabla ya kitu kingine chochote, linatokea neno moja kwa herufi kubwa: BHOKE.

Bhoke alifariki akiwa anasubiri matokeo ya kidato cha nne. Homa ilimshika, wakampeleka hospitali, hakurudi. Matokeo yalipotoka watu wa shule walimletea mama yake, naye hakuyafungua.

Baada ya msiba Winfrida hakuiweza tena nyumba yao ya Nyamwaga. Alihamia Nkende, hapa mjini Tarime, akapanga chumba, akaajiriwa kwa Nashoni, ambaye anashona na kuchapisha sare za shule. Walikubaliana kwamba mashine na kompyuta viingie kama mali ya ofisi, naye aingie kama mfumaji. Alikubali haraka haraka kwa sababu siku zile alikuwa anakubali kila kitu. Mjini hakuna aliyewahi kumwita Mama Bhoke. Hakuwaambia. Mtu akikuuliza una watoto wangapi, na jibu lako litaharibu mazungumzo, unajifunza kusema "Tuachane na hayo, chai imepoa." Wakamzoea hivyo, wakampa jina la kazi yake: Mama Sweta. Lakini kila asubuhi, kabla ya wengine kufika, alikuwa anawasha kompyuta, anasoma jina la mwanawe juu ya televisheni, anasema kwa sauti ndogo, "Umeamkaje?" kisha anaanza kazi. Hakuona kuwa ni wazimu. Na mimi sioni.

Sasa unaelewa kwa nini alikuwa amekwama mbele ya swichi. Kazi ikipotea inatafutwa nyingine. Lakini Nashoni alikuwa ameshaongea na mfanyabiashara mmoja wa Migori, huko Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, amletee mashine mpya ya kufuma, na huyo bwana alikuwa amekubali kuichukua ya zamani pamoja na kompyuta yake. Winfrida alimuuliza Eunice huyo bwana atavifanyia nini. Eunice, ambaye naye ni wa huko huko Migori na hajui kuficha jambo, akasema, "Si ataifungua tu, atoe spea. Hizo vitu ndani yake ziko na soko." Winfrida hakula chakula cha mchana siku hiyo.

Na matatizo yote haya yalianzia kwenye maendeleo, kama kawaida ya matatizo.

Zamani kila mtu ofisini pale alikuwa kivyake. Huko mbele kulikuwa na kompyuta za mezani, hizi za Windows unazoziona kila mahali, za oda na za mahesabu. Eunice alikuwa na laptopu yake ya Apple, anaishika kama yai. Kulikuwa na printa kubwa, simu za kila mtu, na kule chumba cha nyuma, dude. Ofisi ilikuwa mchanganyiko kama makande. Eunice akichora nembo, aliichapa kwenye karatasi yenye miraba, akamletea Winfrida, naye akaiingiza kwenye kompyuta yake mraba kwa mraba mpaka macho yanamtoka. Siku moja aliruka mstari. Ng'ombe wa nembo ya shule fulani akatoka na miguu mitano. Watoto waliyapenda sana masweta yale. Mkuu wa shule hakuyapenda.

Nashoni akasema, "Inatosha. Kila kitu kiingie kwenye mtandao. Oda ikipokelewa mbele, Eunice aione, akichora, mama aione hapo hapo. Karatasi mwisho." Ilikuwa imeingia oda ya shule moja mpya ya sekondari kule Kewanja, masweta mengi, nembo ngumu yenye milima na kitabu, na alitaka kuwaonyesha kwamba yeye si wa mchezo.

Wote walidhani dude litaachwa nyuma. Ila fundi wao wa mtandao, Emanueli, ana ugonjwa mmoja: ukimwambia kitu hakiwezekani, halali. Alizunguka, akatafuta, mwishowe akapata huko Kenya kadi ya mtandao ya laptopu za kizamani, akaipachika ubavuni mwa kompyuta ya televisheni na ikakubali. Akatafuta na programu ya kuiwezesha kuingia kwenye folda za Windows. Halafu akakwama, kwa sababu kompyuta za siku hizi haziitikii tena njia ya zamani ya kuunganishwa. "Mama," alimweleza Winfrida, "ya kwako inawapa shikamoo, wao wanasubiri mambo vipi. Wanaitazama tu." Akaenda kwenye zile za mbele, akazilazimisha zikubali salamu ya wazee.

Siku ilipofanya kazi ilikuwa sherehe. Folda ya oda ilitokea kwenye televisheni ya Winfrida. Eunice alichora ua akiwa mezani kwake, na ua likaonekana chumba cha nyuma bila karatasi. Nashoni alipiga makofi. Winfrida naye alipiga, na moyoni alisema, umeona, Bhoke, wamekukaribisha mezani.

Mambo yakaenda vizuri, Nashoni akanogewa. Akaleta kompyuta mpya, kubwa, nyeusi, isiyozimwa, ya kutunza mafaili yote ya ofisi mahali pamoja. Oda zote, nembo zote, hesabu zote zikahamishiwa humo. Na kwa kuwa yeye ni mtu wa kushukuru, alitaka kompyuta hiyo iitwe kwa jina la marehemu mama yake, aliyeuza ng'ombe wake ili mwanawe aanze biashara. Alimwita mchungaji akaiombea. Wakanywa soda. Emanueli akaandika jina mbele ya watu wote: BHOKE.

Winfrida aliweka chupa yake chini. Alitaka kusema na yangu pia ni Bhoke, lakini wangemuuliza kwa nini, na hakuwa tayari kulia mbele ya soda za watu. Akaichukua tena soda yake, akanywa. Alipofika nyumbani aliliwaza tena akaona ni jambo jema. Huku kwetu jina moja ni undugu. Watu wakigundua wanaitana sawa, wanaitana wajina, wanapendeleana, hata kama hawakujuana asubuhi. Ukisimama sokoni Tarime ukaita "Bhoke!", wanawake wanageuka mistari mizima, na hajawahi kutokea aliyemwambia mwenzake hili jina ni langu, tafuta la kwako. Alilala amefurahi.

Kesho yake balaa likaanza.

Winfrida aliwasha kompyuta yake. Muda si mrefu, mbele wakapiga kelele kwamba oda hazionekani. Folda yote imepotea, mteja amesimama, hakuna kitu. Emanueli aliitwa, na kabla hajafika, umeme ukakatika ukarudi, kila kitu kikawa sawa. Akasema ni umeme. Siku iliyofuata ikatokea tena. Akabadilisha waya. Ikatokea tena. Akalaumu rauta, akaleta rauta nyingine. Kila alipokuja alikuta Winfrida amezima ili apishe ukaguzi, na kila kitu kinafanya kazi vizuri, naye anakuna kichwa anaondoka. Lakini Nashoni si mjinga. Aliona. Dude likiwaka, ofisi inapofuka. Dude likizimwa, ofisi inaona.

"Shikamoo mama," alimwambia jioni moja akiwa amesimama mlangoni. Nashoni ni kijana wa adabu. Hata akija kukufukuza atakuamkia kwanza.

"Marahaba, baba."

"Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini hili dude linaniua. Jana mwalimu wa Kewanja amekaa mbele pale, tunamtafutia oda yake hatuioni, ananiangalia kama tapeli. Wale wa Migori nimewaambia waje. Likinizimia mtandao mara moja tu, moja tu, wanalichukua."

"Na masweta ya Kewanja?"

"Yamalize kabla."

Unaona mtego huo? Yamalize kabla, lakini bila kuwasha. Kwa sababu masweta hayafumwi kwa maombi. Siku kadhaa alijaribu kuiba muda; anawasha wengine wakienda kula, anafuma mbio mbio huku sikio liko ukutani, akisikia mlango anazima. Nyuzi zilimkatikia kwa haraka. Alianza kuota usingizini anasukuma mkono wa mashine na kila mstari unatoka mtupu. Na lile neno la asubuhi, umeamkaje, akawa analisema kwa wizi na hofu, akisoma jina haraka kabla halijamponza. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Mwanawe alikuwa amegeuka kitu cha kuficha.

Basi tulimwacha amesimama mbele ya swichi. Asubuhi hiyo hakukuwa na namna ya kuiba. Mwalimu wa Kewanja alikuwa anakuja mchana na gari kuchukua mzigo, na masweta machache ya mwisho yalikuwa bado. Watu wote walikuwa ofisini. Winfrida alisema, "Ee Mungu wangu, leo tu," akabonyeza.

Televisheni ikawaka. BHOKE. Akaanza kufuma kama mtu anayekimbizwa. Mstari, mstari, mlima wa nembo ukaanza kuchomoza. Akasikia printa imenyamaza. Akasikia Eunice ameacha kucheka. Kisha ikaja, kama alivyojua itakuja.

"Mama Sweta!"

Hakuzima. Mikono ilikuwa imekataa. Nashoni aliingia na safari hii hakuamkia.

"Nilikwambia nini, mama? Nilikwambia nini?"

"Baba, yamebaki machache..."

"Hapana. Hapana! Wale wako Sirari tayari, nawapigia waje sasa hivi. Eunice, mwite Emanueli aje alitenganishe hili dude na waya zake lisije likaniharibia na kingine." Akatoka huku anabonyeza simu.

Winfrida alikaa kwenye kiti. Alikuwa na sweta nusu mikononi na hakujua aliweke wapi. Alitazama jina juu ya televisheni. Alijisemea, nimekuua mara ya pili, mwanangu. Ningebaki nawe Nyamwaga, ningekula mihogo, lakini ungekuwepo. Hakulia. Woga ulikuwa mwingi kiasi kwamba machozi hayakupata nafasi.

Emanueli alifika na begi lake la vifaa. Alikuwa na aibu usoni, maana ni yeye aliyeliingiza dude mtandaoni na sasa ameitwa kulizika. "Shikamoo mama. Pole. Naomba usizime kwanza," akasema. "Tangu tatizo lianze sijawahi kuikuta ikiwa imewaka. Niione hata kidogo kabla sijaitoa."

Akaenda mbele. Winfrida alimsikia akimwambia Eunice fungua hiki, fungua kile. Akamsikia Eunice akisema, "Mimi nikiita Bhoke, inanipeleka kwa folda sijui za nani, iko na maua na ng'ombe tu. Oda hakuna. Hii maneno imenichosha, walai." Halafu Emanueli akarudi polepole, akasimama mlangoni, na mkono uko mdomoni.

"Mama. Hii yako inaitwaje?"

Winfrida alionyesha televisheni kwa kidevu. Lilikuwa pale, herufi kubwa, mahali pale pale lilipokuwa miaka yote. Emanueli alikuwa ameliona wakati anapachika kadi, aliliona tena na tena, na halikumshtua hata kidogo. Mama yake mzazi anaitwa Bhoke. Mke wake anaitwa Bhoke. Angeshtuka vipi?

"Mungu wangu," akasema. "Ni majina! Mama, ni majina tu! Kompyuta za mbele zikiita Bhoke, inaitika hii ya kwako. Wanaingia ndani kwako kutafuta oda, hawazikuti, wanasema zimepotea. Hazijapotea. Wamekosea nyumba! Mimi ndiye niliyeandika jina la pili, mimi mwenyewe, na soda mkononi!" Akajipiga paji la uso. "Kwenye mtandao hakuna wajina, mama. Mmoja lazima abadilishe. Ni dakika tu, tunaandika jina lingine hapa, basi, hakuna tena haja ya watu wa Migori."

Aliongea kwa furaha, anacheka, na alimaliza kucheka kabla ya kugundua kwamba mwenzake hacheki.

"Bhoke ni nani wako?" akauliza.

"Mwanangu."

"Yuko wapi?"

"Nyamwaga. Nilimzika."

Emanueli alikaa chini kwenye boksi la nyuzi. Ni kijana mzuri yule, sitamsema vibaya. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi tubadilishe ile kubwa. Ni kazi, itabidi nizungukie kila kompyuta, printa, simu, kila kitu. Nitakesha, sijali. Nitaongea na bosi."

Na bosi alikuwa ameshafika mlangoni, simu bado mkononi. Alikuwa amesikia neno moja tu la mwisho mwisho. "Ibadilishwe ipi? Ile ya mama yangu? Emanueli, una akili? Mchungaji ameiombea ile mbele ya ukoo wangu! Nimwondoe mama yangu nimweke nani?"

Emanueli alifungua mdomo amjibu. Winfrida aliona anachotaka kusema. Angesema kila kitu, na Nashoni angeshtuka, angeomba radhi, kwa sababu si mtu mbaya. Wangesimama pale wawili wanagombea nani ana marehemu mkubwa zaidi. Na huyu kijana alimpenda mama yake. Ilionekana hata katika ukali wake. Winfrida akamshika Emanueli mkono.

"Badilisha yangu," akasema.

"Mama..."

"Nimesema badilisha. Nionyeshe mahali."

Emanueli akamfungulia ukurasa wa majina kwenye televisheni, akainuka, akampa kiti. Hakumwandikia. Winfrida aliweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Herufi ya mwisho ikaondoka. Akashusha pumzi. Ya pili ikaondoka. Alikuwa anafuta kwa mkono wake kitu alichokiandika mtoto wake kwa mkono wake, huku Sista akitafuta kiberiti, na hakuna mahali pengine popote duniani palipokuwa na mwandiko ule. Ikabaki B peke yake. Nashoni akauliza kwa sauti ya chini, "Kuna nini?" na Emanueli akamwambia kwa jicho anyamaze. Winfrida akafuta B. Nafasi ikabaki tupu, kimstari kinawaka na kuzima, kinamsubiri. Kwa muda ule kompyuta haikuwa na jina, na alihisi baridi kama ile ya kutoka makaburini.

"Tuandike nani, mama?" Emanueli akauliza. "Unaweza kuweka lolote. Weka hata Sweta."

Aliandika polepole, herufi moja moja, kwa sababu hakuwahi kuandika jina hilo hapo. WINFRIDA.

Kama siku ile hospitalini wangemuuliza nani aondoke nani abaki, angewajibu hivyo hivyo, aondolewe yeye, Bhoke aachwe. Hakuna aliyemuuliza. Sasa ameulizwa na kompyuta, akajibu. Akabonyeza kukubali, Emanueli akaizima na kuiwasha tena.

Wakati inaamka, Winfrida alijiuliza. Ingewaka na mbele wangepiga kelele? Ingekataa jina? Watu wa Migori walikuwa njiani. Televisheni ikaonyesha jina jipya juu kabisa, nalo likamchukiza kulitazama. Wote watatu wakasimama wanasikiliza ukuta. Printa ikakohoa, ikaanza kuchapa.

"Ziko!" Eunice akapaza sauti. "Oda zote ziko! Na dude limewashwa?"

"Limewashwa!" Emanueli akajibu, akaruka juu kama mtoto. Nashoni alitazama dari, akatazama simu, akawapigia wale wa Migori kuwaambia warudi, huku anajiumauma, maana walikuwa wameshavuka mpaka na walimtukana sana. Kisha akamgeukia Winfrida. "Mama, kumbe ni jina tu? Si ungesema mapema?" Emanueli akamshika bosi bega akamtoa nje, na sijui alimwambia nini huko, ila Nashoni alirudi baadaye na chai mbili, akaweka moja mbele ya Winfrida kwa mikono miwili.

Lakini kabla ya chai hiyo, Eunice alikuwa amemwita. "Mama Sweta, kuja uone! Umeonekana kwa mtandao!" Winfrida alikwenda akidhani ni tatizo jingine. Eunice alikuwa amefungua kwenye laptopu yake mahali panapoonyesha kompyuta zote za ofisi, kila moja na jina lake. Zilikuwa pale za mbele, ilikuwa pale printa. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa, BHOKE. Chini yake kidogo, WINFRIDA.

Alisoma mara mbili. Alijua vizuri kwamba Bhoke yule ni mama yake Nashoni, aliombewa na mchungaji, ana oda na hesabu tumboni. Alijua. Alisimama pale mkono uko kifuani, anatazama majina mawili kwenye ukurasa mmoja, moja juu ya lingine, hakuna linalomfukuza mwenzake.

"Haya, imetosha," Eunice akasema, akasogeza kidole aufunge ukurasa. "Wacha nimalize ile nembo ya Kewanja, mwalimu anakuja."

"Usifunge," Winfrida akasema. "Subiri kwanza, binti yangu. Usifunge."